Kuutambua Bila Kuung'oa: Kisa cha Uyoga wa Hericium Kwenye Mti Mkongwe wa New Forest

Picha ilikuwa moja tu. Ilipigwa kwa simu kutoka chini kuelekea juu, na anga jeupe la Oktoba lilikuwa limefuta nusu ya kilichotakiwa kuonekana. Kwenye shina la mti mkubwa wa Fagus, ule ambao Waingereza huuita beech, pale tawi lilipowahi kukatika zamani, kulikuwa na bonge jeupe lenye vitu vinavyoning'inia. Zaidi ya hapo picha haikusema kitu.

Aliyeipiga ni shangazi yangu mmoja, mtu wa Mombasa aliyehamia Southampton zamani na ambaye Jumapili hapendi kukaa ndani. Ujumbe uliofuata picha ulikuwa wa wazi kabisa: "Mwanangu, huu si ule wanaouza dukani kwa bei ya dhahabu? Kisu ninacho kwenye mkoba."

Nikamjibu, "Shikamoo shangazi. Tafadhali usiuguse."

"Marahaba. Kwa nini? Una sumu?"

Hauna sumu, na hapo ndipo ugumu wa kisa hiki unapoanza. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo mvua zikinyesha uyoga wa kichuguu unapiganiwa, au aliyewahi kusimama kandokando ya barabara za nyanda za miombo kule Tanzania akanunua uyoga uliopangwa kwenye sinia, swali la uyoga ni moja: unalika au hauliki? Uingereza kuna swali la pili linalotangulia hilo. Je, ni halali kuugusa?

Kazi yangu ni ukaguzi wa miti, kwa hiyo picha za uyoga kwenye magome naletewa nyingi, na nyingi hazina uzito. Hii nikaipa uzito kwa sababu mbili. Kwanza, mti wenyewe ulikuwa pembezoni mwa New Forest, kaunti ya Hampshire, mahali panapojulikana kwa miti mikongwe. Pili, nilipoikuza picha niliona upande wa kushoto wa shina alama ya msalaba wa rangi ya chungwa. Alama hiyo huwekwa kwenye mti uliohukumiwa kukatwa.

Uingereza ina maelfu ya aina za uyoga. Ukiacha kuvu wale wanaoishi pamoja na mwani juu ya mawe na magome, aina zilizopewa ulinzi wa moja kwa moja wa kisheria hazizidi nne. Zimo kwenye Jedwali la 8 la Sheria ya Wanyamapori na Maeneo ya Vijijini ya 1981, ambako ziliongezwa mwaka 1998: Hericium erinaceus, Boletus regius, Battarrea phalloides, na ule wa mialoni mikongwe ambao vitabu vya leo huuita Buglossoporus quercinus. Kifungu cha 13 kinakataza kuuchuma, kuung'oa au kuuharibu kwa makusudi, na kinakataza pia kuuuza. Hakuna kiasi kidogo kinachosamehewa kwa ajili ya chungu cha nyumbani.

Shangazi hakuwa amekosea kuuita ule wa dukani. Hericium erinaceus hupandwa kibiashara kwenye mifuko ya unga wa mbao, na wauza vidonge na kahawa za unga wameutangaza dunia nzima kama uyoga wa manyoya ya simba. Wanasema unarudisha kumbukumbu. Msingi wa madai hayo ni kemikali zilizoonyesha dalili njema maabara na majaribio machache kwa watu, mojawapo jaribio dogo la Japani lililochapishwa 2009 kwa wazee walioanza kusahau. Si uongo mtupu, ila ni kidogo sana ukilinganisha na kelele zake. Shangazi alikuwa amezisikia kelele hizo. "Mzee wangu ashaanza kusahausahau," aliniambia baadaye kwa simu, na sikuwa na moyo wa kumhubiria. Nilimwambia tu kwamba ule wa pakiti ni uyoga uleule, umekuzwa pasafi, na hauna kesi.

Basi tukabaki na swali lenyewe: ule wa mtini ni nini?

Nilimpigia mwenye shamba, mzee wa Kiingereza ambaye familia yake inamiliki kipande hicho cha msitu, nikamwomba asimamishe kazi kwanza. Hakukataa. Alinielekeza kwa mkandarasi wake wa miti, na mkandarasi huyo hakuwa mbumbumbu. Alikuwa ameuona uyoga kabla ya shangazi, amepanda mti kwa kamba hadi karibu nao, na tayari alikuwa na jibu. "Ni Hericium cirrhatum," alisema. "Haumo kwenye jedwali. Nimesoma."

Hoja yake ilikuwa nzito kuliko nilivyopenda. Misitu ya Uingereza ina aina tatu za kundi hili, zote adimu, zote nyeupe, zote zina miiba laini inayoning'inia badala ya mapezi yale tunayoyajua chini ya kofia ya uyoga wa kawaida. Hericium coralloides hugawanyika matawi mengi membamba, na miiba yake mifupi hujipanga kwenye kila tawi. Hericium cirrhatum hutoa vibao vilivyopandana kama rafu, juu vina mkwaruzo wa vichomozi visivyozaa, na miiba halisi iko upande wa chini tu. Hericium erinaceus haugawanyiki. Ni bonge moja, na miiba hutoka mbele na pembeni ikashuka hadi sentimita kadhaa, mara nyingi 3 hadi 5 ukikomaa. Kati ya hizo tatu, wa mwisho peke yake ndio ulioandikwa kwenye Jedwali la 8.

Ukiusoma mstari huo kitabuni unadhani hata mtoto hawezi kuchanganya. Mtini mambo ni mengine. Ule tuliokuwa nao ulikuwa mchanga, miiba yake haijafika sentimita moja na nusu. Ulikuwa umebanwa ndani ya mpasuko wa kidonda, kwa hiyo badala ya kuvimba ukawa wa mviringo ulikuwa umesukumwa mbele ukalala bapa. Juu ulikuwa na uso ulionyooka, wenye mkwaruzo. Chini yake, ukingoni mwa mpasuko huohuo, kulikuwa na mwingine mdogo. Viwili, bapa, kimoja juu ya kingine: mtu akikuambia ni rafu za cirrhatum, utambishia kwa lipi?

Programu ya simu ilisema ni Hericium erinaceus. Nimeitaja ili niiweke kando. Programu hizo zimelishwa picha nyingi za uyoga wa kupandwa, uliopigwa picha kwenye mwanga mzuri siku ya kuvunwa. Hazijui chochote kuhusu kidonda cha mti wa miaka mamia, na mkandarasi angeicheka, naye angekuwa na haki.

Njia ya kawaida ya kumaliza ubishi huu ni kuukata uyoga. Unaupasua katikati, unaangalia kama ndani umegawanyika au ni nyama moja, kisha kipande kinakwenda maabara. Lakini tazama mtego wenyewe: ili kuthibitisha kwamba uyoga unalindwa, unatakiwa kufanya kitendo ambacho ulinzi huo unakikataza. Mtu anaweza kuomba kibali kwa Natural England, shirika la serikali la kuhifadhi mazingira, na watafiti huomba, lakini kibali hakiji kesho asubuhi na msumeno ulikuwa umepangiwa wiki ileile. Wapo wanaokata kwanza, kwa hoja kwamba hawakujua. Sijawahi kuipenda hoja hiyo. Ukishafika mahali pa kushuku kwamba ni erinaceus, huwezi tena kusema hukujua.

Kwa hiyo tukakubaliana, mimi na mkandarasi, kwamba tutatafuta ushahidi ambao uyoga wenyewe unautoa bila kuguswa. Alinipandisha kwa kamba zake.

Kwa karibu, jambo la kwanza lililosaidia lilikuwa uharibifu uliofanywa na konokono asiye na gamba. Alikuwa amekula ubavu mmoja wa ule mkubwa akaacha shimo lenye kina cha kidole. Ndani ya shimo kulikuwa na nyama nyeupe, nzito, yenye vitundu vidogo hapa na pale, bila tawi wala mgawanyiko. Coralloides ikaondoka hapohapo. Konokono hana kibali cha Natural England wala hakihitaji, na alichokiacha wazi ni ruhusa kukitazama.

Jambo la pili ni mahali miiba inapoanzia. Nilifunga simu kwenye kijiti cha selfi, nikaipitisha chini na pembeni ya uyoga, taa ikiwa imewashwa kutoka ubavuni ili kivuli kionyeshe kila mwiba unapotokea. Kwenye picha hizo ilionekana kwamba ule uso wa juu uliodhaniwa kuwa na vichomozi visivyozaa ulikuwa na miiba michanga ileile, mifupi kwa sababu ilikuwa imekandamizwa na gome la juu yake. Ukingoni ilikuwa inaanza kuinama kuelekea chini. Na ule mdogo wa chini haukuwa kibao cha pili kinachoshikana na cha kwanza. Ulikuwa umejishika peke yake kwenye mbao.

Nikamwonyesha mkandarasi. Akatazama, akasema, "Inaelekea huko, lakini haijafika." Alikuwa sahihi. Umbo la uyoga mchanga ni ushahidi wa kuegemea tu, na mimi mwenyewe nisingeweka sahihi yangu kwa hilo peke yake.

Kilichobaki ni spora, zile chembe ndogo ambazo uyoga huzaana kwazo, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba kutokata si hasara kama inavyosemwa.

Uyoga ukishaanza kuzaa hudondosha spora zake wenyewe, mchana na usiku. Unachotakiwa ni kuziwekea mahali pa kuangukia. Tulichukua vipande viwili vya kioo cha hadubini, tukavibandika kwenye ubao mwembamba, tukaufunga ubao huo kwenye tawi la chini kiasi kwamba vioo vilikaa chini ya miiba bila kuigusa, na juu yake tukaweka kipaa cha plastiki kuzuia matone. Tukaondoka. Kesho yake asubuhi kioo kimoja kilikuwa kimelowa na hakifai. Cha pili kilikuwa na ukungu mweupe ambao ungeufikiria ni vumbi kama usingejua unatafuta nini.

Spora hizo ziliwekwa kwenye tone la dawa ya Melzer, ambayo ndani yake kuna iodini. Spora za kundi la Hericium hushika iodini zikageuka rangi ya samawati iliyofifia hadi kukaribia weusi. Zetu zilifanya hivyo mbele ya macho, kwanza kingo, kisha zote. Inapendeza kuitazama, lakini haitenganishi aina tatu hizi, kwa kuwa zote hufanya vilevile. Ilithibitisha tu kwamba tunachopima ni spora za uyoga wetu na si za ukungu mwingine uliopeperushwa na upepo hadi kwenye kioo, jambo ambalo kwenye msitu wa Oktoba hutokea sana.

Kinachotenganisha ni ukubwa. Spora za cirrhatum na za coralloides ni ndogo: urefu wake ni kuanzia mikromita 3.5 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na za cirrhatum hazifiki 5. Za erinaceus ni kubwa zaidi, nyingi kati ya 5 na 6.5, na ni pana vilevile, karibu ya mviringo. Tofauti yenyewe ni kama mikromita moja na nusu. Kwenye hadubini ya kukuza mara 1000, kwa lenzi ya mafuta, tofauti hiyo ni mistari michache tu ya kipimo cha jicho, na mtu mwenye haraka anaweza kuipoteza kwa njia nyingi. Akipima spora iliyolala kichwakichwa atapata fupi. Akihesabu kile kinundu kidogo ambapo spora ilikuwa imeshikia atapata ndefu.

Na kuna kosa kubwa kuliko yote, linalofanywa na waliokata kipande: wanakiponda chini ya kioo na kupima chochote kinachoonekana, zikiwemo spora ambazo bado hazijakomaa. Uyoga mchanga uliopondwa umejaa spora za namna hiyo, ndogo, nyororo. Ukiupima erinaceus mchanga kwa njia hiyo, unaweza kabisa kujiridhisha kwamba ni cirrhatum. Spora zilizoanguka zenyewe zimekomaa, maana uyoga hauachii ambayo haijaiva. Ule unyenyekevu wote wa kufunga ubao mtini na kungoja usiku kucha ulitupatia sampuli bora kuliko ambayo kisu kingetupa.

Nyingi zilizidi mikromita 5, na chache zilikaribia 6. Mkandarasi alipima mwenyewe, kwa hadubini ya klabu ya uyoga ya eneo lake, bila mimi kumwambia nilichopata. Aliniletea ujumbe wa neno moja la kizungu ambalo silirudii hapa, kisha namba zake. Zilikubaliana na zangu.

Mti nao ulikuwa shahidi. Nchini Uingereza erinaceus hupatikana hasa kusini, kwenye Fagus na mialoni mikubwa, mara nyingi kwenye vidonda vya mti ambao bado uko hai au umesimama ukifa polepole. Coralloides hupenda zaidi magogo yaliyoanguka. New Forest ilitengwa na William wa Kwanza kama msitu wa kuwindia karibu mwaka 1079, na sheria ya 1698 ikapiga marufuku kukata vichwa vya miti humo, desturi ambayo wenyeji walikuwa nayo kwa ajili ya kuni na majani ya mifugo. Ndiyo maana mti wa Fagus wenye umbo lile, shina nene fupi linalofumuka matawi mengi kwa urefu wa mtu na nusu, mara nyingi huhesabiwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 300. Mti wetu uko nje kidogo ya mpaka wa ardhi ya Taji, yaani ya ufalme, lakini umbo lilikuwa hilohilo.

Niliulizwa na mtu mmoja wa klabu swali ambalo miaka ishirini iliyopita lisingeulizwa: je, kama umetoka kwenye bustani ya mtu? Vijiti vya mbao vilivyopandwa nyuzi za Hericium huuzwa mtandaoni kwa yeyote anayetaka kutoboa gogo na kulima nyumbani, na hakuna anayehakikisha kwamba nyuzi hizo zina asili ya misitu ya Uingereza. Swali ni la haki. Jibu la uhakika lingetoka kwenye vinasaba. Kwa upande wetu tulikuwa na hili: kuvu huyu hula mbao za moyo wa mti taratibu sana, na ukubwa wa uozo uliokuwa ndani ya shina, kama nitakavyoeleza, haukuwa wa miaka michache. Hilo si jibu kamili, lakini lilitosha kwa uamuzi uliokuwa mbele yetu. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, akiwemo Lynne Boddy, walichapisha kipimo cha vinasaba cha PCR kinachogundua kuvu hawa ndani ya mbao hata pale njia za kawaida za kuotesha zinaposhindwa. Maana yake kwa mkaguzi wa miti ni kwamba uyoga unaouona ni sehemu ndogo tu ya kiumbe. Kiumbe chenyewe ni nyuzi zilizomo ndani ya shina. Kukata mti na kuuacha uyoga ukining'inia kwenye gogo si kuuhifadhi.

Hapa ndipo tulipomrudia mwenye shamba. Alisikiliza yote, akauliza, "Kwa hiyo sasa mti ni wa uyoga?"

Sheria haisemi hivyo, na ni vizuri kuwa mkweli kwa mwenye mali. Kifungu cha 13 kina kinga: kama uharibifu umetokea kama matokeo ya kazi halali, na usingeweza kuepukika kwa njia ya kawaida ya busara, si kosa. Mti unaokaribia kumwangukia mpita njia ni sababu halali, na mwenye ardhi ana wajibu kwa wanaopita. Kwa hiyo suala lote linasimama juu ya neno kuepukika. Mkandarasi akikata kabla ya utambuzi, pengine kinga inamfunika. Akikata baada ya utambuzi huku njia nyingine ipo na anaijua, sioni kinachomfunika. Mzee alielewa hilo haraka kuliko wanasheria wengi.

Basi, je, njia nyingine ilikuwepo? Mti ulipewa alama ya chungwa kwa sababu tatu: kidonda kikubwa, sauti ya uwazi ulipogongwa kwa nyundo ya mbao, na tawi moja zito lililopita juu ya njia ya waendao kwa miguu. Sababu ya kwanza na ya pili zinatisha kuliko zinavyodhuru. Shina lenye uwazi ndani husimama kwa ukuta wake wa nje. Kanuni ya Mjerumani Claus Mattheck, ambayo wakaguzi wanaibishania hadi leo lakini wote wanaijua, huweka mpaka wa wasiwasi pale ukuta mzima unapopungua chini ya karibu theluthi moja ya nusu kipenyo cha shina. Hatukutaka kutumia mashine ya sindano inayotoboa, kwa kuwa kila tundu huvunja ukuta ambao mti umejijengea kuuzingira uozo. Tulizungushia shina vihisi vya sauti, vinavyogongwa kimoja kimoja na kupima mwendo wa sauti ndani ya mbao. Picha iliyotoka ilionyesha moyo uliooza kwa mapana, na ukuta uliobaki ulikuwa juu ya mpaka huo pande zote isipokuwa pale kwenye kidonda.

Nilichokitafuta kwa hofu zaidi kilikuwa chini, kwenye makutano ya shina na mizizi. Hapo Fagus huvamiwa na Kretzschmaria deusta, kuvu anayeonekana kama makaa yaliyoganda, ambaye hufanya mbao zivunjike ghafla bila onyo. Au Meripilus giganteus, anayeoza mizizi huku taji la mti likibaki kijani. Mmojawapo angekuwepo, ningeandika mti ukatwe, uyoga wa Jedwali la 8 usiwe na la kusema. Hapakuwa na dalili ya yeyote kati yao.

Lililobaki ni tawi la juu ya njia, na hilo lilikuwa hatari kweli. Lilikatwa. Ncha za matawi mengine marefu zilipunguzwa kidogo, na nyingine zikaachiwa miaka ijayo, kwa sababu Fagus haivumilii kukatwa sana kwa mara moja: gome lake jembamba huungua jua likifunuliwa ghafla. Tawi lililokatwa liliachwa chini kivulini, nzima. Njia yenyewe haikuwa njia ya umma ya kisheria. Mzee alikuwa akiwaruhusu watu kwa hiari yake, kwa hiyo hakukuwa na karatasi za kuomba. Aliisogeza upande wa pili wa kichaka, akaziba ya zamani kwa matawi makavu. Gharama ya yote, alisema mkandarasi, haikufika ile aliyokuwa ameiandika kwa kuukata mti.

Mahali halisi sipaandiki, na picha niliyonayo haina kitu nyuma kinachotambulika. Rekodi zilizotoka nje hupewa eneo la mraba mpana badala ya nukta. Uyoga unaouzwa kwa bei ile, kwenye mti unaofikika kwa ngazi, una maadui wengi kuliko konokono. Shangazi alikuwa ameshaiweka picha yake ya kwanza Facebook, jina la kijiji likiwa chini yake. Nilimpigia, nikaomba, akaifuta, akanilalamikia kwamba ilikuwa imepata sifa nyingi.

Ubishi wa mwisho ulikuwa na mtunza rekodi wa kaunti, na huo bado haujaisha vizuri. Desturi ya wataalamu wa uyoga ni kwamba utambuzi bila sampuli iliyokaushwa ni neno la mdomo tu. Nyuma ya desturi hiyo kuna sababu nzuri: majina hubadilika, aina moja hugunduliwa kuwa mbili, na sampuli iliyohifadhiwa inaweza kupimwa upya baada ya miaka mia. Hatukuwa na kipande cha uyoga cha kumpa. Tulichompa ni kile kioo, spora zikiwa zimekauka juu yake, kimefungwa kwenye karatasi pamoja na picha za chini na za ubavuni, vipimo vya watu wawili, jina la mti na hali yake. Alipokea, akaandika Hericium erinaceus, na pembeni akaweka alama ya kwamba uthibitisho ni wa spora pekee. Ameomba turudi msimu ujao, kati ya Agosti na Novemba, tupige picha miiba ikiwa imefikia urefu wake. Mkandarasi amejitolea kamba.